Maziwa Yalipoingia Usevya

Familia yetu ya Usevya, mkoani Katavi, imegawanyika juu ya maziwa. Chanzo ni mtoto wa marehemu dada yangu, kijana mwenye ng'ombe kadhaa na shamba la mpunga, aliyerudi kutoka hospitali mwishoni mwa Mei na karatasi iliyoandikwa brusela, ugonjwa wa mifugo unaoweza kumfikia mtu kupitia maziwa. Siku hizohizo redio ilikuwa katika Wiki ya Maziwa, ile inayofikia kilele tarehe 1 Juni, na kila baada ya taarifa ya habari tulikumbushwa kwamba mtu anatakiwa kunywa lita 200 kwa mwaka na kwamba Watanzania hatufiki hata nusu yake. Mke wa kijana hakungoja hesabu hizo. Alimwaga maziwa yote yaliyokuwa ndani, ya watoto na ya wageni, akatangaza kwamba hayataingia tena mlangoni kwake. Shemeji yake, ambaye naye anafuga, akasema huo ni uoga wa watu waliosoma. Mimi ni muuguzi mstaafu, kwa hiyo kesi za magonjwa za ukoo huishia kwenye simu yangu. Wote wawili walinipigia jioni moja, kila mmoja akitaka nimthibitishie kwamba mwenzake ni mjinga.

Nilichowajibu nitakifikia. Ila nikiri kwamba baada ya kukata simu usingizi ulichelewa, kwa sababu mimi ni mmoja wa watu wachache waliobaki wanaokumbuka kijiji hiki kabla ya maziwa.

Nilizaliwa katika nyumba isiyo na ng'ombe, na jirani naye hakuwa nao. Sisi Wapimbwe chakula chetu kilikuwa ugali, karanga, mboga za porini, asali, na samaki wakavu wa Ziwa Rukwa. Mfugo mkubwa hapa ulikuwa kuku. Si kwamba wazee hawakutaka ng'ombe, mbung'o hawakuwataka. Pori lililotuzunguka, ambalo sehemu yake ilitangazwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi mwaka 1974, lilikuwa la nyati, tembo na mbung'o, na malale ndiyo yaliyowahi kuwafanya Waingereza wawakusanye watu wengi wa magharibi ya Tanganyika katika makazi ya pamoja. Mtoto wa Kipimbwe alinyonya, akaachishwa, na hapo habari ya maziwa ikaisha maishani mwake.

Kisha wakaja Wasukuma. Walianza kuingia Bonde la Rukwa kwa wingi katika miaka ya sabini na themanini, na makundi ya ng'ombe, majembe ya kukokotwa na watoto wengi wenye nguvu. Walifyeka, mbung'o wakarudi nyuma, majani yakapata walaji. Jirani yetu wa kwanza wa Kisukuma alikuwa mama mmoja mrefu ambaye sisi watoto tulifundishwa kumwita mayu, kama wanawe walivyomwita. Bibi alimpa mbegu za karanga, naye kwa shukrani akaja asubuhi na kibuyu cha maziwa ya kukamuliwa alfajiri ile. Tukanywa, wakubwa kwa wadogo, kwa furaha ya kitu kigeni.

Mchana wote ulikuwa wa kupishana kwenye choo. Tumbo lilinguruma, likajaa hewa, likakata. Baba alishuku sumu. Bibi, ambaye alikuwa na tabia ya kutoa hukumu kwa maneno machache, alisema: "Ng'ombe wao, tumbo lao." Mayu aliposikia hakukasirika. Baada ya siku kadhaa alileta kibuyu kingine, safari hii cha mgando mzito uliolala, akamwambia bibi ajaribu huo kwa ugali. Ukakaa. Hakuna aliyekimbia.

Nilipokwenda kusomea uuguzi nilikuta wanawake wale wawili walishalimaliza somo. Sukari ya maziwa, laktosi, huhitaji kimeng'enya kiitwacho laktezi ili ivunjwe kwenye utumbo mwembamba. Kila mtoto mchanga anacho; wengi wa binadamu wanakipoteza kadiri wanavyokua, na sukari isiyovunjwa hushuka hadi utumbo mpana, ambako bakteria huichachusha na kutoa gesi. Maziwa yakigandishwa, bakteria wa mgando hula sehemu ya laktosi na kuigeuza kuwa asidi, ndiyo maana tumbo lililokataa maziwa freshi linaweza kuupokea mtindi. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti waliofanya kwa Watanzania, Wakenya na Wasudani. Walionyesha kwamba jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki zina mabadiliko yao wenyewe ya kurithi yanayowafanya watu wazima waendelee kuvunja laktosi, tofauti na yale ya Wazungu, na kwamba mabadiliko hayo yalienea ndani ya miaka 7,000 hivi iliyopita, watu wakiishi na ng'ombe. Bibi hakuwa na maabara, lakini "ng'ombe wao, tumbo lao" ni muhtasari ambao nisingeona haya kuuweka mbele ya profesa.

Nisisitize tu kwamba hali ile si ugonjwa na wala haimkatazi mtu maziwa milele. Wengi wenye tumbo kama letu hustahimili kikombe kidogo pamoja na chakula. Mimi mwenyewe nikinywa chai ya maziwa sijambo. Nikinywa bilauri nzima ya freshi nikiwa na njaa, najua nitakapokuwa baada ya saa moja.

Miaka iliyofuata, njia kati ya nyumba yetu na ya mayu ilikuwa nyeupe kwa nyayo. Karanga na mihogo vilikwenda, mgando na samli vilirudi. Wadogo zangu, waliozaliwa baada ya biashara hiyo kuanza, walikula uji wenye maziwa, jambo ambalo mimi sikulipata. Siwezi kusema ni maziwa yaliyowafanya wawe warefu kunishinda, ila mama alisema hivyo hadi kufa kwake.

Mama hakuwa peke yake katika kulinganisha. Wanaanthropolojia waliokaa miaka mingi katika eneo letu la Mpimbwe walipima watoto wa jamii zote mbili, na mwaka 2005 Craig Hadley aliandika kwamba watoto wa Kisukuma wa Bonde la Rukwa walikuwa wakikua vizuri kuliko wa Kipimbwe. Ni rahisi kuruka na kusema "maziwa hayo!" Lakini Msukuma alikuja pia na mashamba makubwa, na ng'ombe wa kulimia na wa kuuza pindi njaa inapobisha hodi, na nyumba yenye akiba hulisha mtoto mwaka mzima. Maziwa yalikuwa sehemu moja ya utajiri ule. Hata hivyo si sehemu ndogo. Bilauri moja ya mililita 250 ina gramu 8 hivi za protini na miligramu 300 hivi za kalisi, pamoja na vitamini B12 ambayo huipati kwenye mahindi wala mihogo hata ukila gunia. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Rukwa, mkoa ambao sisi wa Katavi tulikuwa ndani yake hadi 2012, ni karibu nusu. Na Rukwa ni ghala la mahindi. Mtu akiniuliza kwa nini nayatetea maziwa, humwonyesha takwimu hiyo: watoto wanaoshiba ugali na bado hawakui.

Lakini nilipoanza kazi katika zahanati moja ya bondeni, mtoto wa kwanza niliyemwona akikaribia kufa kwa lishe alikuwa mtoto wa nyumba yenye ng'ombe wengi.

Alikuwa na miezi minne. Mama yake alimleta kwa kuharisha, lakini mimi nilishtushwa na viganja vyake, vyeupe kama karatasi. Alikuwa akipewa maziwa ya ng'ombe tangu mwezi wa pili, yaliyoongezwa maji ya kisima, kwa sababu mama mkwe aliona maziwa ya mkwewe ni "mepesi". Bibi huyo alikuja naye, amejifunga kanga mpya, na alinieleza bila wasiwasi kwamba alilea wajukuu wengi hivyo. Nilimpa shikamoo yake kamili kwanza. Kisha nikamweleza kwamba maziwa ya ng'ombe yametengenezwa kwa ajili ya ndama anayesimama siku anapozaliwa. Yana protini na chumvi nyingi kuliko figo za kichanga zinavyoweza kuchuja kwa raha, madini ya chuma karibu hayana, na yanaweza kukwangua utumbo mchanga hadi ukavuja damu kidogo kidogo isiyoonekana kwenye nepi. Ongeza maji ya kisima na chupa isiyochemshwa, umepata kuhara. Mpaka miezi sita, titi la mama peke yake. Baada ya hapo maziwa yaliyochemshwa yaingie kwenye uji, lakini yasimwachishe mtoto titi kabla hajatimiza miaka miwili.

Bibi yule alinisikiliza, akauliza swali ambalo vitabu vyangu havikuwa nalo: "Na mama akiwa shambani kutwa, huyo mtoto atanyonya nini?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Msimu wa kupanda mpunga hapa mwanamke anatoka gizani na kurudi gizani. Tulipanga mtoto abebwe hadi shambani na dada yake mkubwa, akae kivulini. Alipona, ingawa kwa kuongezwa damu mjini. Tangu siku hiyo kila nikisikia tangazo la "kunywa maziwa kwa afya bora" huwa najiuliza ni nani anayeambiwa, maana kaya inayosikia redio ina watu wa kila umri ndani yake.

Sasa nije kwenye homa, ambayo ndiyo iliyoleta ugomvi.

Katika miaka yangu ya kazi, homa ilikuwa na jina moja. Mtu akija na joto aliandikiwa dawa ya malaria, akirudi aliandikiwa tena, akirudi mara ya tatu tulisema malaria sugu. Nakumbuka mchungaji mmoja wa makamo, mwili mkavu, ambaye homa yake ilikuja jioni na kuondoka alfajiri ikiacha shuka limelowa. Viungo vilimuuma, mgongo ukamuuma, akawa hawezi kuinama kukamua. Alimeza dawa za malaria za kila rangi katika vituo mbalimbali. Aliyemtambua hakuwa mmoja wetu bali afisa mifugo aliyepita kwa pikipiki, aliyemuuliza swali moja: "Ng'ombe wako wametupa mimba mwaka huu?" Walikuwa wametupa. Na kondo la nyuma lililogoma kutoka alilivuta nani? Alilivuta yeye, kwa mikono mitupu, kama baba yake alivyofanya.

Bakteria wa brusela wanaishi kwa wingi kwenye kondo, kwenye maji ya uzazi na kwenye maziwa ya mnyama aliyeambukizwa. David Bruce aliwaona kwa mara ya kwanza mwaka 1887 kwa askari wa Kiingereza waliokufa kwa homa Malta, na ilichukua hadi 1905 Themistocles Zammit kugundua kwamba chanzo kilikuwa mbuzi. Zaidi ya miaka mia imepita, na bado ugonjwa huu unajificha nyuma ya jina la malaria. John Crump na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi: asilimia 60.7 walikuwa wamedhaniwa kuwa na malaria, na uchunguzi wa kina ukaonyesha ni asilimia 1.6 tu walioumwa kwayo. Waliobaki walikuwa na magonjwa mengine, yakiwemo yale yanayotoka kwa wanyama, na brusela ilikuwamo. Matokeo hayo yalichapishwa 2013. Nilipoyasoma niliwakumbuka watu wengi kwa sura.

Siku hizi mambo yamegeuka upande wa pili, na hili linanikera vilevile. Kila duka la dawa lenye maabara ndogo lina kipimo cha haraka, na nusu ya watu wenye uchovu wanaambiwa wana brusela. Vipimo vingi vya aina hiyo vinadanganya. Huko Kenya watafiti walivilinganisha na vipimo vya uhakika wakakuta wengi walioambiwa wanaumwa hawakuwa wanaumwa. Tiba yake si ya mchezo: wiki sita za doksisaiklini pamoja na dawa nyingine, mara nyingi na sindano. Humezi wiki sita za dawa kwa sababu ya kijistari chekundu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichomuuliza mpwa wangu kwenye simu kilikuwa habari za zizi lake. Akasema ng'ombe wawili walitupa mimba mwezi Februari, na kondo alilitoa mwenyewe. Homa ya jioni anayo, jasho la usiku analo. Nikamwambia arudie kipimo kwenye hospitali yenye maabara nzuri, lakini kwamba binafsi naamini anaumwa. Kisha nikamuuliza mkewe kama huwa wanachemsha maziwa. Alinijibu kwa hasira kidogo, kama mtu aliyetukanwa jikoni kwake, kwamba huyachemsha kila siku, tangu aolewe. Basi aliyemwaga maziwa alikuwa amemwaga kitu ambacho huenda hakikuwa na hatia yoyote. Mumewe aliupata ugonjwa zizini, kwa mikono, na dawa yake ilikuwa glovu. Maziwa yaliyochemshwa watoto waendelee nayo. Shemeji naye, aliyekuwa akishangilia upande wa pili wa simu, nilimuuliza kama yeye huchemsha. Kimya kilichofuata kilinitosha.

Jambo moja zaidi nilimwonya mgonjwa, kwa sababu nimeliona likiharibu tiba: asimeze doksisaiklini kwa maziwa. Kalisi huishika dawa tumboni na kupunguza inayoingia kwenye damu. Ameze kwa maji, maziwa yaje saa mbili baadaye.

Kuchemsha kunasikika kama jambo dogo. Nilipohamia kazi ya kutembelea kaya ndipo nilipoelewa kwa nini haliko hivyo. Mayu mmoja, mzee kuliko mama yangu, alinipokea vizuri, akanikalisha kwenye kigoda, akanisikiliza nikieleza habari za vijidudu na moto, kisha akaniambia: "Ukiyachemsha yanakufa." Nikadhani anazungumzia imani. Alikuwa anazungumzia ufundi. Mgando wake unatokana na bakteria waliomo ndani ya maziwa yenyewe na kwenye kuta za kibuyu; ukiyapitisha kwenye moto, yakikaa kibuyuni yanaoza badala ya kuganda, na siagi haipatikani. Kwake ushauri wangu ulikuwa na maana ya kupoteza mtindi, siagi na samli kwa pamoja, yaani mboga ya nyumba na fedha ya chumvi na sabuni.

Tuliutafuta ufumbuzi palepale jikoni, na sehemu kubwa aliutoa yeye. Maziwa yakichemka na kupanda, yaachwe yapoe hadi kidole kikiingia kisichome. Kisha utie vijiko vichache vya mtindi wa jana uliogandishwa kwa namna hiyohiyo, ufunike, ulaze. Asubuhi umeganda. Kibuyu nacho kioshwe kwa maji ya moto. Mgando wa kwanza aliusema hauna ladha, wa tatu akaunyamazia. Kuni zilikuwa hoja yake nyingine, na hiyo sikuwa na jibu lake zuri, zaidi ya kupendekeza sufuria iwekwe kwenye makaa yanayobaki baada ya ugali.

Wapo wanaosema ukali wa mtindi unaua kila kitu. Hauui. Brusela huvumilia siku kadhaa kwenye maziwa yaliyoganda, na kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho nacho hupita kwenye maziwa mabichi, si dhaifu. Wapo pia wanaosema moto unamaliza virutubisho. Moto hupunguza vitamini chache. Protini na kalisi hubaki. Viwanda navyo hutumia joto, nyuzi 72 kwa sekunde 15 ama 63 kwa nusu saa, tofauti ni kwamba wao wana kipimajoto na sisi tuna macho. Yakipanda, yamefika.

Upande mwingine kuna watu wanaoyapa maziwa kazi zisizo zake. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Mpanda wanaochoma zebaki kwenye bati hunywa pakiti ya maziwa jioni "kusafisha kifua". Mafundi rangi nao hufanya hivyo, na wasaga nafaka. Maziwa yanakwenda tumboni. Mvuke wa zebaki unakwenda mapafuni na kutoka hapo kwenye damu, na hakuna mahali vinapokutana ili kimoja kimfukuze mwenzake. Mwenye vidonda vya tumbo hunywa apate nafuu ya nusu saa, kisha tumbo linatoa asidi zaidi ya ile ya mwanzo. Haya yote yana bei, kwa sababu mtu aliyekwisha kunywa maziwa haoni tena haja ya barakoa.

Barabara ndiyo iliyobadilisha mambo kuliko sisi wote. Zamani maziwa ya Usevya na Kibaoni yalinywewa Usevya na Kibaoni. Leo kijana wa bodaboda anapita mazizini asubuhi na madumu ya plastiki, mengine bado yananukia mafuta ya kula, anakusanya, anawahi wateja wa mjini kabla jua halijawa kali. Ng'ombe wetu wa asili hatoi zaidi ya lita moja au mbili kwa siku, tena ndama ana haki yake humo. Ukitoa ya bodaboda, kinachobaki ni cha kuweka rangi kwenye chai. Nimeingia kwenye nyumba zenye ng'ombe arobaini ambamo kadi ya kliniki ya mtoto ilikuwa inateremka kutoka kijani kwenda kijivu. Zamani mgawaji wa maziwa alikuwa mama; yakiwa fedha, aghalabu mgawaji anakuwa baba. Kiangazi kikiingia na makundi yakahamia mbugani, hata hayo ya chai yanakwisha. Kwa maoni yangu hili ndilo dhara kubwa kuliko yote niliyoyataja katika maziwa, na halitokani na kijidudu chochote.

Dumu lina mambo yake pia. Lina shingo nyembamba isiyoingia mkono, kwa hiyo halisuguliki ndani. Mnunuzi hajui kama ng'ombe alidungwa oksitetrasaiklini jana. Wafugaji wengi hudunga wenyewe, na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa husomwa na wachache, maana kusubiri ni kumwaga fedha. Kuna mama lishe mmoja aliyeniletea malalamiko kwamba maziwa ya muuzaji wake fulani hayagandi hata akitia mtindi mzuri kiasi gani, akishuku maji. Maji yalikuwamo pengine. Lakini dawa ya sindano iliyobaki kwenye maziwa huua bakteria wa mtindi vilevile inavyoua wa ng'ombe, na mtu anayeinywa kila siku anawafundisha vijidudu vyake kuizoea. Nilimshauri abadilishe muuzaji, akabadilisha, mtindi ukaganda.

Mazungumzo yangu ya mwisho juu ya haya yote yalikuwa mwaka huu na mzee mmoja wa Kisukuma, mfugaji wa siku nyingi, ambaye malisho yake ya kiangazi yako upande wa Mto Kavuu. Nilimweleza habari ya chanjo ya brusela kwa mitamba, ile inayotolewa kati ya miezi mitatu na minane. Alisikiliza akichora mstari ardhini kwa fimbo. Kisha akaniuliza: "Sawa, mama. Mimi nachanja ng'ombe wangu. Na nyati wa Katavi, atawachanja nani?"

Hakuwa anatania. Mwaka 2015 Justine Assenga na wenzake walichapisha uchunguzi wa eneo hilihili la Katavi na Rukwa: karibu ng'ombe 7 katika kila 100 walikuwa na dalili za brusela kwenye damu, na kwa nyati kiwango kilikuwa kikubwa zaidi. Kwa watu kilikuwa chini ya mmoja katika 100, idadi niliyomsomea mpwa wangu ili mkewe apunguze hofu. Kiangazi maji yanapobaki mahali pachache, mifugo na wanyamapori hunywa pamoja, na hakuna mwenye ushahidi wa nani alimwambukiza mwenzake kwanza. Nilimjibu mzee kwamba nyati hawakamuliwi. Alicheka, lakini hakuliacha swali lake, na alikuwa na haki.

Tulirudi kwenye hesabu, lugha ambayo wafugaji wanaiamini. Alinihesabia ndama waliotupwa misimu iliyopita na bei ambayo wangekuwa nayo leo mnadani, akanyamaza kidogo kwa ukubwa wa jumla. Tatizo lililobaki ni kwamba chanjo huja kwenye chupa ya dozi nyingi na hutunzwa kwenye ubaridi, na mwenye mitamba michache hawezi kufungua chupa peke yake. Amekwenda kwa majirani kuwashawishi waungane, gharama wagawane, afisa mifugo aitwe siku moja. Wawili wamekubali. Mmoja anasema atangojea kwanza auze mpunga. Mwingine, jirani wa karibu kabisa, anasema ng'ombe wake hawajawahi kutupa mimba, na mzee anasema huo ni uongo, kwa sababu yeye mwenyewe alimsaidia kuzika.